Likasi: Picha za "Mémoire" zinaonyesha wazee wetu, lakini majina yao yako wapi?

Wafanyakazi wa enzi ya ukoloni wamesimama mstari, katika picha nyeusi na nyeupe. Nyuma yao kuna kiwanda kilichochakaa, mabati yametoboka, vyuma vimeliwa na kutu. Watu ni wa zamani, kutu ni ya wakati wetu. Mpiga picha Sammy Baloji, mzaliwa wa Lubumbashi mwaka wa 1978, aliviunganisha katika picha moja, na mwenye kutazama anabaki akijiuliza: hii ni jana ama ni leo?

Kazi hiyo inaitwa "Mémoire", maana yake kumbukumbu. Baloji aliitengeneza kati ya mwaka wa 2004 na 2006. Alipiga picha kwenye maeneo ya Gécamines, kisha akachukua picha za zamani zilizohifadhiwa tangu wakati wa Union Minière du Haut-Katanga na kubandika watu wake juu ya magofu ya leo. Kuna pia video yenye jina hilohilo: Faustin Linyekula, mcheza dansi mwenye makao ya kazi Kisangani, anacheza ndani ya magofu huku zikisikika hotuba za viongozi wa inchi.

Kazi hiyo imesafiri sana. Mwaka wa 2007 Baloji alipata tuzo huko Bamako, Mali. Mwaka wa 2010 picha zake zilionyeshwa New York chini ya jina "The Beautiful Time", yaani wakati mzuri.

Wakati huo mzuri wakaaji wa Likasi wanaujua. Mji wetu, ulioitwa Jadotville hadi mwaka wa 1966, ulijengwa kwa shaba. Viwanda vya Shituru vilianza kuitoa mwaka wa 1929. Mwaka wa 1986 Gécamines ilitoa karibu tani 476,000 za shaba. Mwaka wa 2003 haikufikisha hata tani 20,000, na mwaka huohuo wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliachishwa kazi katika mpango uliolipwa na Benki ya Dunia.

Nilibeba picha za "Mémoire" ndani ya simu yangu, nikaenda nazo Kikula kwa baba mukubwa wangu. Amepita miaka 80 na alitumika kiwandani maisha yake yote. Alivaa miwani, akashika simu kwa mikono miwili, akatazama muda mrefu bila kusema.

"Baba mukubwa, unajua mtu hapa?" nilimuuliza.

"Hawa ni ba wakati ya baba yangu," alijibu. "Yeye njo angaliwajua. Miye hapana."

Aligusa sura moja kwa kidole. Skrini ikasogea, sura ikapotea, akaniomba nimrudishie. Alisema uso ule unafanana na mtu wa jamaa, lakini hawezi kuapa.

Hapo nilielewa jambo ambalo picha peke yake haziwezi kufanya. Zinatuonyesha kwamba wazee wetu walikuwepo na walitumika, lakini hazituambii waliitwa nani. Union Minière ilipiga picha za mashine na mikono ya kazi, na wengi wa watu walioonekana humo wamebaki bila jina. Hata Shinkolobwe ni hivyohivyo, karibu kilomita 20 kutoka hapa. Dunia nzima inajua kwamba uraniamu yake ilitumika katika bomu la Hiroshima, tarehe 6 Agosti 1945. Ni nani anayeweza kutaja watu 10 walioichimba?

Katanga haikuanza leo kutunza kumbukumbu kwa sanaa. Miaka ya 1970, nyumba nyingi za wafanyakazi zilikuwa na michoro ukutani iliyoitwa ukumbusho. Mchoraji Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa mwaka wa 1947, alichora historia nzima ya inchi katika michoro karibu 100, akamweleza mtafiti Johannes Fabian maana ya kila mmoja. Maelezo yake yaliandikwa, ndiyo sababu tunayo hadi leo. Lubumbashi, tangu mwaka wa 2000, watafiti wa chuo kikuu wamekusanya maisha ya wakaaji katika mradi wa Mémoires de Lubumbashi. Huko pia shirika la Picha lilianzisha maonyesho makubwa ya sanaa mwaka wa 2008. Lubumbashi iko kilomita 120 tu kutoka hapa, lakini mzee wa Kikula hafiki huko kirahisi.

Nilimuuliza baba mukubwa kuhusu wenzake yeye mwenyewe, wale wa kikosi chake. Safari hii hakuitazama simu.

"Andika," aliniambia.

Alitaja jina la kwanza, la pili, la tatu, pamoja na kazi ya kila mmoja na nyumba aliyokaa. Alipofika la saba alishusha sauti. Huyo alikuwa mtu wa Kasai. Mwaka wa 1992 watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa katika nyumba zao hapa Likasi, na maelfu walilala kwenye kituo cha treni wakingojea gari la moshi la kuwatoa. Baba mukubwa alisema rafiki yake alimwachia redio amtunzie. Hakurudi. Redio bado iko, juu ya kabati, haisemi tena.

Hakuna picha ya kiwanda inayoonyesha redio hiyo.

Tulimaliza na majina 14. Kati yao, wawili ndio wangali hai, mmoja Panda na mwingine hapa Kikula. Kijana yeyote wa Likasi mwenye simu anaweza kufanya kazi hii kwa mzee wa nyumbani kwake: kurekodi sauti, kupiga picha ya kadi ya zamani ya kazi, kuandika majina nyuma ya foto zilizo ukutani. Haiombi pesa, inaomba haraka.

Nilipoaga, baba mukubwa aliniita nikiwa mlangoni. Alikuwa amekumbuka jina la 15.