Mwanamuke wa muji wa shaba aliyesaidia watu kushuka ku mwezi

Sisi watu wa Katanga, shaba tunaijua kwa mikono na kwa mapafu. Tunaona ikitoka chini, ikipita ku malori kwenda Kasumbalesa, kisha hatuioni tena. Leo tunapenda kuwaelezea, ba baba wa ku mugodi na ba mama wa nyumbani, habari za mwanamuke mumoja aliyesoma mu muji wa shaba kama yetu. Kazi aliyoandika ilifumwa mu nyuzi za shaba, na ile kazi ikashusha watu ku mwezi.

Jina lake ni Margaret Hamilton. Alizaliwa mu 1936 kule Marekani, akamaliza masomo ya sekondari mu 1954 ku Hancock, muji mudogo wa jimbo la Michigan. Hancock ilijengwa juu ya shaba. Mugodi wake mukubwa, Quincy, ulianza mu 1846, ukafungwa mu 1945. Wakati Margaret anasoma pale, mashimo yalikuwa yamenyamaza, lakini muji ulikuwa bado muji wa wachimbaji.

Wazee wa kule walikuwa na kisa cha kusimulia juu ya mashini. Mu 1913 wachimbaji wa shaba wa ile inchi waligoma. Moja ya sababu ilikuwa mashini mupya ya kutoboa jiwe. Zamani ilishikwa na watu wawili. Ile mupya ilishikwa na mutu mumoja. Wachimbaji waliiita « mashini ya kuacha wajane ». Waliona hatari wazi: kama jiwe linakuangukia na uko peke yako, nani atakuvuta? Mugomo ulivunjika mu 1914, na mashini ikabaki.

Margaret yeye alipenda hesabu. Alipata diploma yake mu 1958, ku chuo cha Earlham. Kisha alifundisha kidogo mu sekondari: hesabu na Kifaransa. Alikuwa ameolewa, bwana yake alikuwa anaendelea na masomo, njo maana ilibidi yeye alete mukate mu nyumba. Mu 1959 akapata kazi ku chuo cha MIT, ya kuandikia ordinatere amri za kutabiri hali ya hewa. Masomo ya ile kazi yalikuwa bado machache sana. Alijifunza mu kazi yenyewe, sawa vile kijana anajifunza ufundi pembeni ya muzee.

Kisha akaingia mu kikundi kilichotengeneza ordinatere ya vyombo vya Apollo, vya kupeleka watu ku mwezi. Mwisho yeye njo alikuwa mukubwa wa wale walioandika programu. Programu, tuseme wazi, ni orodha ya amri zinazoambia mashini ifanye nini, na ifanye lini.

Zile amri ziliwekwa namna gani? Ku fabriki moja ya Waltham, wanamuke walikaa na sindano, wakapitisha nyuzi za shaba mu vipete vidogo vya chuma. Uzi ukipita ndani ya kipete, maana yake moja. Ukipita inje, maana yake sifuri. Kosa moja ya mukono, na amri inageuka. Tena, kisha kufuma, kubadilisha ilikuwa kazi ngumu sana.

Margaret alikuwa na binti mudogo, Lauren. Mara nyingi usiku na siku za mapumziko alimupeleka ku kazi. Siku moja mutoto akacheza na vitufe vya mashini ya mazoezi, akabonyeza programu ya kutayarisha safari, wakati mashini inadhani iko tayari njiani. Yote ikaharibika. Mama hakumupiga. Alijiuliza: kama mutoto ameweza, rubani aliyechoka je?

Akaomba waongeze amri ya kuzuia lile kosa. Wakubwa wakakataa: marubani wamefundishwa vizuri, hawawezi kukosea. Wakamuruhusu tu kuandika onyo mu kitabu cha maelezo. Mu Desemba 1968, Apollo 8 ikiwa inarudi kutoka mwezi, rubani Jim Lovell, mutu wa akili na mazoezi mengi, akabonyeza ile ile programu. Ordinatere ikapoteza hesabu ya mahali chombo kiko. Ilibidi kazi kubwa ili kuirudisha. Kisha pale, ruhusa ya kuongeza ile amri ikatoka.

Tarehe 20 Julai 1969, Apollo 11 ikiwa inashuka ku mwezi, ordinatere ikapiga kelele: alama 1202, kisha 1201. Kazi ilikuwa imeizidi, sababu rada moja ilikuwa inaisumbua bure. Lakini ile programu ilikuwa imeandikwa kwa siku kama ile. Ikaacha kazi ndogo ndogo, ikashika ile ya lazima: kushusha watu wazima. Wakafika. Margaret hakufanya peke yake, kulikuwa wengi. Lakini mawazo ya kungojea kosa mbele ya kosa, yeye aliyapigania sana.

Yeye alikuwa mumoja wa wale wa kwanza kusema kwamba kuandika programu ni kazi ya enjinia kamili, sawa kujenga daraja. Watu walicheka. Mu 2016, raisi Barack Obama akamuvalisha medali kubwa kuliko zote ambazo raia anaweza kupata kule.

Sasa sisi tunachukua nini? Ku mugodi tunajua kaje isiyotembea kama mulango haiko umefungwa. Ile ni akili ya Margaret: mutu anachoka, mutu anasahau, basi mashini imusaidie. Lakini mara ngapi, kisha ajali, tunasikia neno moja tu, kwamba mufanyakazi alikosea mwenyewe? Labda alikosea. Lakini ulizo la pili ni hili: sababu gani ile mashini ilimuacha akosee mupaka kufa? Wale wa délégation syndicale wakaulize hivyo. Ni ulizo la enjinia, haiko matusi.

Na ku nyumba, kama binti yako anapenda hesabu, usimuambie kwamba ordinatere ni kazi ya watoto wa mbali. Margaret naye alitoka mu muji wa mashimo, na alianza na daftari na hesabu. Ordinatere ilikuja nyuma.