SENTI 50 YA AUSTRALIA: UNANUNUA FEDHA AU KUMBUKUMBU?

Wapenzi wengi wa vitu vya kale nchini Australia wamehifadhi sarafu ya duara ya senti 50 ya mwaka 1966. Ilitolewa Februari 14 mwaka huo, nchi ilipoacha pauni na kuanza kutumia dola, na wazee huikumbuka sawa na gari la Holden na santuri za ujana wao. Tatizo huanza pale mrithi anapoipeleka sokoni akidhani ana mali adimu.

Si adimu. Zilitengenezwa zaidi ya milioni 36. Bei yake hutokana na madini: ina uzito wa gramu 13.28, na asilimia 80 ni fedha. Sarafu tatu hutoa karibu gramu 32 za fedha safi, yaani aunsi moja ya masonara na ziada kidogo. Bei ya fedha ilipopanda duniani, madini yaliyomo yakazidi senti 50, watu wakazificha na serikali ikaacha kuzitengeneza. Mwaka 1969 ikaja ya pembe 12, ya shaba na nikeli.

Mnunuzi aulize kwanza bei ya fedha ya siku hiyo, apige hesabu, ndipo atazame nyongeza anayodaiwa. Nyongeza kubwa ni kwa sarafu isiyochakaa tu. (Muuzaji naye asiisugue ing'ae, wazoefu hutambua mara moja na kukata bei.)

Peni ya 1930 ni habari nyingine. Hiyo ilitoka chache mno, na bei yake haihusiani na madini yaliyomo. Dalali anayezisifu zote mbili kwa maneno yaleyale anatafuta kamisheni.