Moyo wa Mwanamke na Dalili Zisizosadikiwa

Katika mwaka wa 1964, mjini Portland huko Marekani, Shirika la Moyo la nchi hiyo liliita mkutano wa wanawake juu ya maradhi ya moyo, nao wakahudhuria kwa maelfu; lakini kusudi lake, kama jina la mkutano, "Mioyo na Waume", lilivyobainisha, lilikuwa kuwafunza namna ya kuihifadhi mioyo ya waume zao, wala haikuwapitikia waandalizi kwamba hao waliojaa vitini nao walikuwa na mioyo iwezayo kuugua.

Dhana hiyo iliwatawala hata wataalamu. Uchunguzi mashuhuri wa aspirini na shambulio la moyo, uliotangazwa mwaka wa 1989, ulifanywa kwa matabibu 22,071, wote wanaume. Miaka miwili baadaye Dakta Bernadine Healy, mwanamke wa kwanza kuziongoza Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, alilalamika kwamba mwanamke hutibiwa sawa na mwanamume pale tu anapokwisha kuthibitisha kuwa anaumwa kama mwanamume.

Shambulio hutokea mmoja wa mishipa iulishayo moyo wenyewe unapozibwa, aghalabu na damu iliyoganda, hata nyama ya moyo ikaanza kufa. Si kweli, ijapokuwa wengi husema hivyo, kwamba mwanamke haumwi kifua. Huumwa, na hiyo ndiyo dalili yake kuu pia, ila huenda akaiita uzito au kubanwa. Lakini kwake yeye, mara nyingi zaidi kuliko mwanamume, hufuatana nayo, au huja badala yake, kutweta, kichefuchefu, jasho baridi, na maumivu ya taya, shingo au mgongo. Tena ziko dalili zitanguliazo: Jean McSweeney na wenzake waliwahoji wanawake 515 waliosalimika, wakatangaza mwaka wa 2003 kwamba 95 kwa mia walikuwa wameonywa na miili yao kabla ya shambulio, na 7 hivi katika kila 10 walitaja uchovu usio wa kawaida.

Uchovu! Na ni mama gani, mwenye kuamka alfajiri na kulala wa mwisho nyumbani, atakayeuita uchovu maradhi? Na shambulio lenyewe likimjia, atasema ni gesi, au vidonda vya tumbo vimeamka. Atachemsha tangawizi, atamaliza kwanza kupika, kisha ataoga na kubadili nguo, asije akaaibika mbele ya daktari, na muda wote huo nyama ya moyo inazidi kufa. Simlaumu, maana amezoea kuambiwa kwamba ana wasiwasi tu.

Dalili hizo za shambulio zikimjia ghafula, zisipotulia kwa dakika chache, basi na apelekwe hospitali hima, asiendeshe gari mwenyewe, na akifika mapokezi ataje moyo kabla ya tumbo, aombe kipimo cha umeme wa moyo na cha damu. Kipimo cha kwanza kisipoonyesha kitu ilhali maumivu yangalipo, asikubali kurudishwa nyumbani kabla hakijarudiwa, kwani shambulio huweza kufichika saa za mwanzo, likadhihirika baadaye.