Serotonini si stimu: Jua maana ya neno hili kabla ya kulitumia

KIBERA na Kawangware, neno la hali ya moyo ni moja tu: stimu. Ukichangamka, uko na stimu. Beshte akikuharibia siku, ameua stimu. Siku hizi mitandao imeleta serotonini, na wengi wanadhani ni stimu ya kisomi. Sivyo.

Serotonini ni kemikali ambayo mwili hujitengenezea. Seli za ubongo huitumia kupashana ujumbe, na husaidia kudhibiti hisia, usingizi na hamu ya kula. Watafiti wa Cleveland, Marekani, waliipa jina hilo mwaka wa 1948, baada ya kuipata kwenye damu na kuona kwamba hubana mishipa. Ajabu ni kwamba takriban asilimia 90 yake iko tumboni, si kichwani. Ile raha ya kuskroli TikTok usiku kucha huhusishwa zaidi na kemikali nyingine, dopamini.

Shida ni pale neno linapogeuzwa jibu la kila kitu: "Uko na dipresheni? Serotonini imeisha." Mwaka wa 2022, watafiti wakiongozwa na wa chuo cha UCL, London, walipitia tafiti za miaka mingi na hawakupata ushahidi thabiti kwamba dipresheni huletwa na upungufu wa serotonini.

Hiyo haimaanishi dawa ni bure. Zinazogusa kemikali hii, kama fluoksetini, huwasaidia wengi, ingawa huchukua wiki kadhaa. Usiziache ghafla bila kumwona daktari.

Ila kodi, kukosa kazi na vurugu nyumbani pia huumiza akili. Landilodi akikufungia mlango, ubongo wako haujaharibika. Umebanwa na maisha.

Ushahidi uko hapa mtaani. Kibera, mpango wa Shamiri uliwapa wanafunzi wa sekondari mafunzo ya vikundi kuhusu kukua, shukrani na maadili, yakiongozwa na vijana waliotoka shule juzi tu. Dalili za dipresheni na wasiwasi zilipungua. Eneo la Dagoretti, iliko Kawangware, wahudumu wa afya ya jamii waliwapa wanawake waliopitia dhuluma vipindi vitano vya ushauri. Matokeo ya 2017, kutoka kwa wanawake 421, yalionyesha nafuu.

Kwa hivyo, beshte akisema hajiskii poa, usimpimie serotonini kwa macho. Muulize kinachomsumbua, kisha usikize. Mkilemewa, pigeni 1199, laini ya bure ya Msalaba Mwekundu.