Kuzirai si pepo, huenda ni moyo

Ni jambo la kusikitisha kwamba mzee anapoanguka na kuzirai, wengi wetu huharakisha kusema amepagawa na pepo. Huenda kasoro i moyoni.

Katika ukuta wa chumba cha juu cha moyo, upande wa kulia, mna fungu dogo la chembe hai ambalo Arthur Keith na Martin Flack wa Uingereza walilieleza mwaka wa 1907. Fungu hilo ndilo huzalisha umeme hafifu unaouamuru moyo upige, kwa kawaida mara 60 hadi 100 kwa dakika mtu anapopumzika. Likichakaa, aghalabu kwa sababu ya umri, moyo hupiga polepole mno, husita kwa sekunde kadhaa, au hubadilika ghafla ukaenda mbio. Damu isipofika ubongoni ipasavyo, mtu huona kizunguzungu au huzirai.

Hata hivyo, si kila pigo la polepole ni ugonjwa. Mwanariadha hodari aweza kuwa na mapigo chini ya 60 naye ni mzima. Kwa hivyo uamuzi ni wa daktari, baada ya kupima umeme wa moyo, wala si wa jirani. Ugonjwa ukithibitika, mgonjwa aweza kupachikwa chini ya ngozi ya kifua mashine ndogo ya kuongoza mapigo. Ya kwanza ilipachikwa Uswidi mwaka wa 1958.

Walimu, wafundisheni wanafunzi kuhesabu mapigo ya mkono. Somo hilo halihitaji maabara. Saa na vidole viwili vyatosha. Anayelijua atampeleka babu yake hospitalini mapema, badala ya kumtafutia mpunga pepo.