Cheti cha ngazi kwa lugha za kigeni: Sekondari za Tunduma zitanufaikaje?

LORI linalotoka Bandari ya Dar es Salaam hadi Tunduma huwa limekwisha kutembea zaidi ya kilomita 900. Likivuka kuingia Nakonde, upande wa Zambia, bado lina safari ndefu ya kupita Mpika, Kapiri Mposhi na miji ya migodi ya shaba, hadi mpaka wa Kasumbalesa na hatimaye Lubumbashi, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo.

Sokoni Lubumbashi dereva Mtanzania hapati taabu, kwa kuwa Kiswahili ni lugha ya mitaani katika eneo lote la Katanga. Taabu huanza anapokabidhiwa karatasi. Hati za forodha, mikataba na barua za ofisi za serikali nchini Kongo huandikwa kwa Kifaransa, na asiyekijua hulazimika kumtegemea mtu mwingine amsomee kile anachotakiwa kutia saini.

Hapo ndipo linapozuka swali linalowahusu wazazi, walimu na wanafunzi wa Mkoa wa Songwe, uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Kijana anayemaliza kidato cha nne katika mji wa mpakani athibitishe vipi kuwa anaimudu lugha ya kigeni? Je, matokeo ya mtihani wa taifa yanatosha, au pawepo pia cheti cha aina nyingine?

Hivi sasa mtaala wa sekondari unazitambua Kifaransa, Kiarabu na Kichina kuwa miongoni mwa masomo ya kuchagua. Kichina ndicho kigeni zaidi madarasani, kwani kilianza kufundishwa kwa majaribio katika shule chache za sekondari mwaka 2016. Mwanafunzi husoma somo lake kwa miaka minne, kisha hupimwa na Baraza la Mitihani la Tanzania (Necta), lililoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1973. Alama 75 na kuendelea humpa A, na alama 30 ndizo mwanzo wa D.

Matokeo hayo yana kazi yake. Ndiyo yanayotumika katika kuchagua wanafunzi wa kidato cha tano na vyuo, na hakuna cheti cha nje kinachoweza kuchukua nafasi yake. Upungufu wake ni kwamba herufi C au D haimwambii mwajiri kile ambacho kijana anaweza kukifanya. Je, anaweza kupokea simu? Anaweza kusoma ankara? Anaweza kumweleza mteja kwa nini mzigo umechelewa?

Cheti cha ngazi hujibu maswali ya namna hiyo. Msingi wake ni mfumo uliochapishwa na Baraza la Ulaya mwaka 2001, unaozigawa hatua za kujifunza lugha katika ngazi sita, kuanzia A1 hadi C2. Mwenye A1 anaweza kujitambulisha na kujibu maswali mepesi. Mwenye A2 anamudu shughuli za kila siku. Mwenye B1 anaweza kujitegemea safarini na kutoa maoni yake kwa maneno yanayoeleweka.

Kwa Kifaransa, mtihani unaojulikana zaidi ni DELF, ulioanzishwa na Wizara ya Elimu ya Ufaransa mwaka 1985. Una mitihani minne inayojitegemea, ya A1, A2, B1 na B2, na upo pia kwa mada zinazowafaa vijana wa shule. Kila mtihani hupima stadi nne, yaani kusikiliza, kusoma, kuandika na kuzungumza, na kila stadi ina alama 25. Mtahiniwa hufaulu akipata 50 kati ya 100, ili mradi asipate chini ya alama tano katika stadi yoyote. Akifaulu, cheti chake hakiishi muda.

Kwa Kichina upo mtihani wa HSK. Muundo uliotumika kuanzia mwaka 2010 ulikuwa na ngazi sita, na kiwango kipya kilichotangazwa mwaka 2021 kina ngazi tisa. Tunduma lugha hii nayo si ngeni kabisa. Reli ya Tazara, yenye kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilijengwa kwa msaada wa China kati ya mwaka 1970 na 1975 na inapita mjini hapo. Mwaka 2024 Tanzania, Zambia na China zilitia saini hati ya makubaliano ya kuifufua.

Faida kubwa ya ngazi ni kwamba mwanafunzi hasubiri miaka minne ndipo aambiwe amefaulu au ameshindwa. Anaweza kufanya A1 akiwa kidato cha pili na A2 akiwa kidato cha nne. Hata akiacha somo katikati, hatua aliyofikia inabaki mkononi mwake. Aidha, kwa kuwa kuzungumza hupimwa sawa na kuandika, mwalimu hawezi kumaliza mwaka kwa kunukuu sarufi ubaoni peke yake.

Jambo hilo lina uzito wa pekee kwa mtoto wa Tunduma. Wanyamwanga wanaishi pande zote mbili za mpaka, na mtoto wa mjini hapo hukua akisikia Kinyamwanga, Kinyiha, Kibemba, Kiswahili na Kiingereza kabla hajajua kuandika barua. Sikio lake limezoea kuhama kutoka lugha moja kwenda nyingine, lakini uwezo huo hauonekani kokote katika vyeti vyake.

Hata hivyo, vikwazo ni vya kweli. Cha kwanza ni walimu. Cheti hakifundishi, na shule isiyo na mwalimu wa Kifaransa haitapata mmoja kwa sababu tu mtihani umebadilika. Cha pili ni umbali. Vituo vya Alliance Française viko Dar es Salaam na Arusha, na mzazi wa Tunduma atakabiliwa na ada ya mtihani, nauli na malazi. Bila kituo kilicho karibu, wenye watoto wanaopata cheti hicho watakuwa wale wenye fedha, na mpango uliokusudiwa kumfaa mtoto wa utingo utamnufaisha mtoto wa tajiri.

Cha tatu ni kutambuliwa. Uingereza ilijaribu mpango wa namna hiyo kufuatia mkakati wake wa lugha wa mwaka 2002, ikaweka ngazi na vyeti vya Asset Languages kando ya mitihani ya kawaida. Leo vyeti hivyo havitolewi tena. Cheti cha pili hudumu pale tu shule, vyuo na waajiri wanapokihitaji.

Tanzania yenyewe imekwisha kufungua mlango wa vyeti viwili. Mkondo wa elimu ya amali, ulioanza kidato cha kwanza Januari 2024, unampa mwanafunzi nafasi ya kutambuliwa kwa masomo ya jumla na pia kwa ujuzi wa fani yake. Lugha ya kigeni katika mji wa mpakani nayo ni ujuzi wa kazi, sawa na useremala au ufundi magari.

Oktoba 2019, marais John Magufuli na Edgar Lungu walizindua kituo cha pamoja cha mpakani Tunduma na Nakonde, ili wasafiri na mizigo wakaguliwe mara moja badala ya mbili. Kongo nayo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Barabara na majengo yako tayari. Kilichobaki ni kijana wa Songwe aweze kuisoma karatasi iliyo mbele yake, na awe na cheti kinachoonyesha kuwa anaweza.