Miguu ya Haake, na rekodi nyingine za metali

Eldoret ni mji wa saa. Mtoto wa shule hapa atakutajia 1:59:40 ya Eliud Kipchoge kule Vienna mwaka 2019, na akueleze kwa nini haikuandikwa kuwa rekodi rasmi: waliomwongoza mbio walikuwa wakipokezana. Mji unaojua miguu kiasi hicho unapaswa kuisikiliza Meshuggah, bendi ya muziki wa metali kutoka Umeå, Uswidi, iliyoanza 1987.

Anza na wimbo "Bleed", wa albamu ya obZen, 2008. Unapita dakika saba, na miguu ya mpiga ngoma Tomas Haake inakanyaga pedali mbili karibu muda wote. Shida si kasi. Mkono unashika hesabu ya nne kwenye matoazi, huku miguu na magitaa ya nyuzi nane yakizunguka kwa mafungu yasiyolingana nayo, mpaka vyote vinakutana tena kwenye mpigo mmoja. Sijasikia kazi ngumu kuliko hiyo katika metali, na hakuna kitabu cha rekodi kinachoipima. Djent, mtindo mzima wa akina Periphery wa Marekani, umetokana na muziki wa Meshuggah.

Jirani zetu wa Kakamega hawatapotea katika hesabu hiyo. Isukuti, dansi ya Waisukha na Waidakho, iliyoingizwa na UNESCO mwaka 2014 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka, ina ngoma tatu, kila moja na mdundo wake, na mabega ya mchezaji hujua yafuate upi.

Rekodi zinazopimika ni nyepesi zaidi. Napalm Death wa Uingereza wamo katika Guinness kwa wimbo mfupi kuliko zote: sekunde 1.316. Tool, bendi ya Marekani, waliingiza wimbo wa dakika 10 na sekunde 21 kwenye Hot 100 ya Billboard mwaka 2019, mrefu kuliko wowote kabla yake. Mwaka 2023 rapa André 3000 akawapita kwa wimbo wa filimbi.

Kwetu Afrika Mashariki, taji la ukali nawapa Duma wa Nairobi, Martin Khanja na Sam Karugu. Albamu yao ya 2020, iliyotolewa na Nyege Nyege Tapes ya Kampala, inaendeshwa na ngoma za mashine zinazokimbia kuliko mkono wa mtu. Mwaka 2024 Khanja, kwa jina la Lord Spikeheart, alitoa The Adept na kumtunuku Muthoni wa Kirima, Field Marshal wa Mau Mau. Usiisikilize kwa simu. Itafutie spika kubwa.